Subaru: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wamiliki na Wanaotaka Kununua

Majibu haya yanahusu zaidi Subaru zinazoletwa Afrika Mashariki zikiwa zimetumika Japani: Impreza, Legacy, Outback, XV na hasa Forester. Historia imetangulia, kwa sababu mambo mengi yanayomsumbua fundi leo yalianza kwenye michoro ya miaka ya 1960.

Subaru ilianzia wapi?

Ilianzia kwenye ndege. Mwaka 1917 Chikuhei Nakajima, aliyekuwa ofisa wa jeshi la majini, alianzisha karakana ya ndege mjini Ota, mkoani Gunma. Kampuni ya Nakajima ikakua hadi kuwa miongoni mwa viwanda vikubwa vya ndege nchini Japani, na injini yake iitwayo Sakae ndiyo iliyofungwa kwenye ndege za kivita za Zero. Baada ya Japani kushindwa vita mwaka 1945, utengenezaji wa ndege ulipigwa marufuku. Wahandisi wakabaki na mashine, ujuzi na njaa. Kampuni ikabadilishwa jina kuwa Fuji Sangyo, na mwaka 1946 ikatoa skuta iitwayo Rabbit. Mwaka 1950 ikagawanywa vipande 12, na mwaka 1953 baadhi ya vipande hivyo vikaungana tena kwa jina la Fuji Heavy Industries.

Rais wa kwanza wa kampuni hiyo, Kenji Kita, ndiye aliyechagua jina la Subaru, ambalo kwa Kijapani ni lile kundi la nyota ambalo wakulima wetu huliita Kilimia. Ndiyo maana nembo ina nyota sita: kubwa moja na ndogo tano, kwa ajili ya kampuni zilizoungana. Jina la Fuji Heavy Industries liliondoka Aprili 2017, kampuni nzima ikaitwa Subaru Corporation.

Gari la kwanza lilikuwa lipi?

Sampuli iliyoitwa P-1 ilikuwepo mwaka 1954, lakini gari lililoifikisha Subaru kwa watu wa kawaida ni Subaru 360 ya mwaka 1958. Ilikuwa na injini ya cc 356 yenye silinda mbili, imewekwa nyuma na kupozwa kwa hewa, na gari zima halikufika kilo 400. Mbunifu wake mkuu, Shinroku Momose, alitoka kwenye ndege, na wepesi huo unaonyesha.

Kwa mmiliki wa leo, hata hivyo, gari la kukumbuka ni Subaru 1000 ya mwaka 1966. Hapo ndipo injini ya boksa ilipoingia, imelala mbele, giaboksi ikifuata nyuma yake kwenye mstari mmoja. Miaka michache baadaye kampuni ya umeme ya Tohoku, kaskazini mwa Japani, ilitaka gari la kuwafikisha mafundi wa nyaya milimani kwenye theluji, lenye starehe kuliko jipu. Kwa kuwa giaboksi tayari ilikuwa imeelekea nyuma, kuongeza propela na difu ya nyuma haikuwa kazi ya kuunda gari upya. Mwaka 1972 Leone ya magurudumu manne ikaingia sokoni. Forester ya leo bado inafuata mpangilio uleule.

Je, Subaru ni mali ya Toyota?

Hapana. Toyota ina hisa takribani asilimia 20. Kabla yake Nissan, kisha General Motors, nazo zilishika hisa. Ushirikiano na Toyota umezaa magari kama BRZ na pacha wake Toyota 86 (2012), lakini injini ya boksa ni kazi ya Subaru.

Boksa ni nini, na ina faida gani?

Kwenye injini ya kawaida pistoni zimesimama kwenye safu moja. Kwenye boksa zimelala, mbili kushoto na mbili kulia, na kila jozi inayotazamana hutoka nje pamoja na kurudi ndani pamoja. Mtikisiko wa pistoni moja hufutwa na wa mwenzake, hivyo injini hutulia bila shafti za kusawazisha. Uzito nao hukaa chini, ndiyo maana Forester ndefu haiyumbi kwenye kona kama urefu wake unavyotisha.

Gharama yake ni hii: kila kitu ni viwili. Hedi mbili, gasketi mbili za hedi, kava mbili za valvu. Na kwa kuwa hedi zimelala ubavuni, oili na kulanti hukaa juu ya gasketi muda wote badala ya kutiririka kurudi chini. Plagi zinaangalia pembeni kwenye fremu. Kuzifikia kwa raha unatoa betri upande mmoja na boksi la hewa upande mwingine. Fundi anayekutoza zaidi ya Corolla kwa kubadilisha plagi hakuibii.

Kwa nini jina lake ni kubwa hivi Afrika Mashariki?

Jibu fupi ni Safari Rally. Mwaka 1993 Subaru ilileta Kenya kigari kidogo cha Vivio, chenye injini ya cc 660. Colin McRae alikiendesha kwa kasi ya ajabu hadi kikamshinda, ila Mkenya Patrick Njiru alikifikisha cha kwake mwisho na kushinda daraja lake. Kisha yakaja magari ya bluu yenye rimu za dhahabu. Kenneth Eriksson alimaliza wa pili Safari mwaka 1996, McRae akashinda mwaka 1997, na mwaka 2000 Richard Burns akawa wa kwanza huku Juha Kankkunen akiwa wa pili, wote kwenye Impreza. Subaru ilitwaa ubingwa wa dunia wa watengenezaji mwaka 1995, 1996 na 1997, na madereva wake wakawa mabingwa wa dunia mara tatu: McRae 1995, Burns 2001, Petter Solberg 2003. Timu ilijiondoa mwishoni mwa 2008.

Watoto waliosimama kando ya barabara za vumbi miaka ile ndio wanunuzi wa leo. Lakini sifa za mbio peke yake haziwezi kuuza gari kwa miaka 20. Forester hupita kwenye matope ya msimu wa mvua bila dereva kubonyeza chochote, hubeba familia na mizigo, na kwenye lami hukaa kama gari dogo. Gari linaloweza yote hayo kwa bei ya Forester iliyotumika ni nadra.

Ule mngurumo wa Subaru unatoka wapi?

Kwenye manifodi ya ekzosi ya injini za EJ, yaani familia ya boksa za zamani. Mabomba ya upande mmoja ni marefu kuliko ya upande wa pili, hivyo moshi hauwasili kwa vipindi sawa, na ndipo sauti inapodunda. Legacy GT za kuanzia 2003 zilipewa mabomba yenye urefu sawa. Zina nguvu nzuri lakini ngurumo imepungua. Ukinunua Forester SJ turbo yenye injini ya FA20 ukitarajia sauti ya Impreza ya zamani, utasikitika. Kutoboa ekzosi hakutarudisha ngurumo hiyo, kutaongeza kelele tu.

Namba za modeli kama SG5, SH5, GP7 zina maana gani?

Herufi mbili za mwanzo ni kizazi cha gari. Kwa Forester: SF (1997), SG (2002), SH (2007/2008), SJ (2012) na SK (2018). Kwa Impreza: GC na GF, kisha GD na GG, GH, halafu GP na GJ. Tarakimu ya mwisho hueleza injini na mvuto wa magurudumu, na hapa ndipo watu hupigwa: si kila Impreza inavuta kwa magurudumu manne. GH2 ni cc 1,500 inayovuta mbele tu, GH3 ni ya injini hiyohiyo yenye AWD (mvuto wa magurudumu yote manne). GP2 na GP6 ni za mbele tu; GP3 na GP7 ni AWD. Soma kibao cha chasi kabla ya kulipa. Beji ya nyuma hubadilishwa kwa gundi.

Ninunue ya kawaida au turbo?

Kwa kazi za kila siku, ya kawaida. EJ20 isiyo na turbo (cc 1,994) ni injini mvumilivu, spea zake zimejaa, na iko chini ya kizingiti cha cc 2,000 ambacho Tanzania hukitumia kupandisha ushuru wa bidhaa. EJ25 yenye cc 2,457 imevuka kizingiti hicho, na ndiyo pia yenye sifa mbaya zaidi ya gasketi za hedi.

Turbo ni raha, lakini ina masharti. Injini za turbo za soko la Japani zilipangwa kwa petroli ya hali ya juu ya huko, ambayo oktani yake ni karibu 100. Ukiipa petroli ya oktani ndogo na kuibana mlimani, mafuta hulipuka kabla ya wakati, na kwenye EJ25 za turbo kinachovunjika mara nyingi ni ukingo wa pistoni kati ya ringi. Dalili ni moshi wa bluu, oili kupungua na silinda moja kukosa kompresheni. Tumia petroli bora kuliko zote unayoweza kuipata, usiongeze busti (shinikizo la hewa ya turbo) bila kupangiwa kompyuta upya, na kagua kichujio kidogo kilichofichwa ndani ya boliti ya bomba la oili linaloelekea kwenye turbo. Kikiziba, turbo hukauka na kufa, na mara nyingi fundi hufunga turbo mpya bila kukisafisha, nayo hufa vilevile.

Legacy za zamani zenye turbo mbili tuwaachie wapenzi wenye subira. Mipira yake ya vakyumu ni mingi kiasi kwamba mmoja ukipasuka turbo ya pili haiamki, na kuutafuta kunaweza kuchukua siku nzima.

Kuhusu Forester SK: zilizouzwa Japani mwanzoni zilikuwa za cc 2,500 au za haibridi (petroli na umeme) ya e-Boxer ya cc 2,000, bila turbo. Sheria ya Kenya ya gari lisilozidi miaka 8 imewasukuma wanunuzi wengi kwenye SK, kwa hiyo pigia hesabu ushuru wa injini kubwa au afya ya betri ya haibridi.

Mkanda wa taimingi ubadilishwe lini?

Injini zote za EJ hutumia mkanda. Kiwango ni kilomita 100,000. Kwa gari lililotoka Japani bila kumbukumbu za matengenezo, badilisha mara moja na uandike tarehe. EJ nyingi za mwisho wa miaka ya 1990 na kuendelea zikikatika mkanda, pistoni hugonga valvu, na bei ya kazi hupanda kutoka mkanda hadi hedi mbili.

Usibadilishe mkanda peke yake. Seti kamili ina mkanda, tenshena, puli zote (ikiwemo yenye meno), pampu ya maji na sili za kamshafti na krankshafti. Pampu ya maji inazungushwa na mkanda huohuo. Ikikwama, mkanda mpya hukatika nayo. Tenshena ya bei rahisi ndiyo muuaji mkuu. Kabla ya kuifunga, ibane polepole kwa vaisi ikiwa imesimama wima. Ukiisukuma kwa haraka unapasua sili yake ya ndani.

Injini za FB, zilizoanza mwaka 2010, hutumia cheni. Cheni haina kilomita za kubadilishwa, lakini hutegemea oili safi.

Gari linachemsha. Je, ni gasketi ya hedi?

Si lazima. Anza na vya rahisi: kifuniko cha rejeta, feni zote mbili, mpira uliochoka, hewa iliyobaki kwenye mfumo. Gasketi inashukiwa pale unapoona mapovu kwenye chupa ya akiba injini ikiwa ya moto, kulanti ikipungua bila kuvuja nje, mpira wa juu wa rejeta ukiwa mgumu muda mfupi baada ya kuwasha injini baridi, au hita ikipuliza hewa baridi wakati kipimo kinapanda. Kipimo cha uhakika ni kile chenye kimiminika cha bluu kinachowekwa kwenye mdomo wa rejeta: kikigeuka njano, gesi za mwako zinaingia kwenye maji.

Ikithibitika, fungua pande zote mbili hata kama umeharibika mmoja. Hedi zipelekwe kwenye mashine kusawazishwa, na zirudi na gasketi za chuma cha tabaka kadhaa, si zile za tabaka moja lililopakwa. Kazi hii hufanyika vizuri injini ikiwa nje, na ni wakati mwafaka wa kuweka seti ya taimingi.

Kosa lililoenea kwenye gereji zetu ni kutoa themostati ili gari lipoe. Kwenye EJ themostati iko chini, upande maji yanapoingia kwenye pampu, na kazi yake nyingine ni kufunga njia ya mkato. Ukiitoa, sehemu ya maji ya moto hurudi kwenye injini bila kupita rejeta, na barabara ndefu hulichemsha tena. Weka halisi inayoanza kufunguka kwenye nyuzi 76 hadi 80; za bandia nyingi ni ndogo kwa umbo na hazipitishi maji ya kutosha.

Hewa inatolewaje baada ya kubadilisha kulanti?

Hili ndilo linaloua injini nyingi zilizotengenezwa vizuri. Boksa hushika hewa.

1. Injini iwe baridi kabisa. Fungua kifuniko na kiskrubu kidogo cha plastiki kilicho kwenye kona ya juu ya rejeta. Kwenye turbo, jaza kupitia tangi dogo la chuma lililo juu ya injini.
2. Mimina mchanganyiko wa nusu kulanti, nusu maji yaliyochujwa madini. Mimina polepole, ukiminya mipira kwa mkono, hadi kimiminika kitoke kwenye kiskrubu bila mapovu. Kifunge.
3. Washa injini kifuniko kikiwa wazi, hita ikiwa kwenye joto la mwisho. Subiri feni ziwake na kuzima mara mbili, ukiongeza kulanti inaposhuka.
4. Pandisha injini hadi mizunguko 2,500 mara kadhaa, funga kifuniko, jaza chupa ya akiba hadi alama ya juu.
5. Kesho yake asubuhi kagua tena kabla ya kuwasha. Kwa kawaida itakuwa imeshuka kidogo.

Mfumo unabeba lita 6 hadi 7 hivi. Kama ulimwaga zote na zimerudi 4 tu, hewa bado imo.

Oili gani, kiasi gani?

EJ20: lita 4 hadi 4.5 pamoja na kichujio, 5W-30. Kwa turbo inayofanyishwa kazi sana kwenye joto, 5W-40 inafaa. FB20: karibu lita 5, 0W-20 au 5W-30. Kwa mazingira yetu ya foleni na vumbi, kilomita 5,000 zinatosha. FB za miaka ya mwanzo zina tabia ya kula oili kupitia ringi, kwa hiyo kagua kijiti kila kilomita 1,000. Pima gari likiwa sehemu tambarare, dakika kadhaa baada ya kuzima, kwani oili ya hedi hurudi taratibu, na ukipima mapema utaongeza isiyohitajika.

Angalizo moja kwa fundi asiyezoea Subaru: chini ya gari la otomatiki kuna skrubu tatu za kumwagia karibu karibu, za oili ya injini, ya giaboksi na ya difu ya mbele. Wapo waliomwaga oili ya giaboksi, wakabadilisha kichujio cha injini, kisha wakamimina lita 4 juu ya oili iliyokuwepo. Difu ya mbele ya otomatiki za gia nne ina kijiti chake cha kupimia na hubeba lita 1.2 hivi, ya nyuma lita 0.8. Zote ni 75W-90 ya GL-5.

Tairi moja limepasuka. Ninaweza kununua moja tu?

Kama yaliyobaki ni mapya, ndiyo. Kama yamelika, hapana. Mzingo wa tairi moja haupaswi kutofautiana na mengine kwa zaidi ya milimita 6 hivi. Tofauti ikizidi, mfumo wa kati unaogawa nguvu mbele na nyuma hufanya kazi bila kupumzika, hupata joto na kuharibika. Tairi nne ziwe za chapa moja, saizi moja na upepo sahihi, na zizungushwe nafasi kila kilomita 10,000.

Dalili za mfumo uliobanana: kata usukani hadi mwisho kwenye maegesho na tembea polepole. Gari likisita na kuruka kama limeshikwa breki, klachi za nyuma haziachii. Kwenye otomatiki za gia nne, kubadilisha oili ya giaboksi mara mbili tatu, ukitembea kidogo katikati, wakati mwingine huziamsha. Isipowezekana, mtuhumiwa ni solenoidi yake. Nyingi za otomatiki hizo zina nafasi ya fyuzi iliyoandikwa FWD ndani ya boneti. Ukiweka fyuzi hapo gari huvuta mbele tu. Inafaa unapotumia tairi dogo la akiba, na hufaa kama kipimo: kubanana kukiisha, umempata mwizi.

Gari likiharibika, livutweje?

Magurudumu yote manne yawe juu ya lori la kubebea. Kuinua mbele tu na kuburuza nyuma kwa kilomita kadhaa kunatosha kuharibu mfumo wa kati.

CVT ya Subaru, yaani giaboksi ya otomatiki isiyo na hatua za gia, ni ya kuogopwa?

Ya kuheshimiwa. Lineartronic, kama Subaru inavyoiita, ilianza mwaka 2009 kwenye Legacy, na hutumia cheni ya chuma badala ya mkanda. Inayokufa mapema mara nyingi ni ile iliyoambiwa oili yake ni ya milele. Badilisha kila kilomita 40,000 hadi 50,000 kwa oili ya CVT iliyotajwa kwa modeli hiyo, kamwe si ATF, ile oili ya otomatiki za kawaida. Kiwango hupimwa injini ikiwaka, oili ikiwa kati ya nyuzi 35 na 45, kwa kuacha iliyozidi itoke kwenye tundu la kupimia. Fundi asiye na mashine ya kusoma joto hilo anabahatisha. Gari likizimika unaposimama baada ya kutoka barabara ndefu, mwambie aanze na tok konveta na valvu bodi kabla ya kuuza giaboksi nzima.

Forester yangu imelala nyuma hata bila mzigo. Springi zimechoka?

Kwenye SG na SH nyingi tatizo ni shokapu. Baadhi zilitoka kiwandani na shokapu za nyuma zinazojipandisha zenyewe zikipata mzigo, na springi zake ni laini kwa sababu shokapu ndiyo inayobeba. Zikivuja, nyuma hukaa chini. Za aina hiyo ni ghali, kwa hiyo wengi huweka za kawaida, na hilo halina ubaya mradi ubadilishe springi pia, uweke za gari lisilo na mfumo huo. Ukifunga shokapu za kawaida juu ya springi laini, gari litabaki limelala na pesa zimekwenda.

Kioo cha mbele kimepasuka na gari lina EyeSight, mfumo wa kamera unaoweza kupiga breki wenyewe. Nifanye nini?

Kamera mbili zilizo karibu na kioo cha ndani cha kutazamia nyuma hutazama kupitia kioo cha mbele, na hupima umbali kwa kulinganisha picha zake. Kioo cha unene au ubora tofauti huzidanganya. Nunua kinachokubali EyeSight, usiweke stika wala tinti mbele ya kamera, na baada ya kufunga zipangwe upya kwa mashine. Kama hakuna wa kuzipanga mjini kwako, zima mfumo wa breki za kujiendesha hadi utakapompata.